Betri Ambayo Tharcisse Alikataa Kuitupa

Tharcisse aliponijia nyumbani kuniomba niwe msemaji wake mbele ya wakwe, nilikubali kwa sababu nilikuwa mwalimu wake wa darasa la tano, na hapa Bunia watu huamini kwamba aliyekufundisha kugawanya anaweza pia kukuombea mke. Ni imani isiyo na ushahidi wowote, lakini ina heshima yake, na wazee wengi tumekula kuku kwa ajili yake.

Mwanamke aliyetakiwa alikuwa Annette, mjane mwenye kibanda kikubwa cha kuchaji simu na kuuza paneli za jua katika mtaa wa Ngezi. Mume wake wa kwanza aliondolewa duniani na tumbaku, polepole, kikohozi baada ya kikohozi, na Annette ndiye aliyemshikia beseni mpaka mwisho. Kwa hiyo aliposikia kwamba Tharcisse anamtaka, alimtuma baba yake mdogo, mzee Katsuva, alete neno moja fupi: mwanaume anayevuta tumbaku asivuke mlango wao. Akiacha, aje na wazee wake baada ya Pentekoste. Asipoacha, abaki kwake na moshi wake, nao wamalizane.

Sharti hilo lilikuwa jepesi kwa mtu yeyote isipokuwa Tharcisse. Yeye alianza kuvuta siku ndevu zilipoanza kumwota, na wapo wanaosema kwamba ndevu ndizo zilizochelewa. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mzaliwa wa Kilo kwenye machimbo ya dhahabu, mgane wa miaka mingi, na alimpenda yule mwanamke kwa unyofu uliokuwa ukinishangaza, maana sikuwa nimeuona unyofu huo katika biashara yake. Basi aliacha tumbaku kwa namna watu wa siku hizi wanavyoacha vitu: alinunua kitu kingine.

Kitu hicho ni sigara ya umeme. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye kichupa cha maji matamu juu yake. Ukibonyeza kitufe, uzi mdogo wa chuma unapata moto ndani, maji yanachemka, nawe unavuta mvuke wenye harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Aliyemuuzia ni Gaël, kijana mwenye duka la simu kule kwenye boulevard, barabara yetu kuu. Gaël alimhakikishia kwamba ndani hamna tumbaku, jambo ambalo ni kweli. Nikotini aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayelazimika kutamka jina la mama mkwe wake. Annette alipoulizwa alisema kwamba mvuke atauvumilia kwa muda, mradi moshi usiingie nyumbani mwao.

Gaël, kwa haki yake, alimweleza pia habari ya betri. Ilikuwa betri ya mviringo, nene kuliko kidole gumba. Alimwambia kwamba ikijaa inafika volti nne nukta mbili, na kisanduku kinaionyesha hesabu hiyo katika kioo chake kidogo. Kadiri unavyovuta, volti zinashuka. Zikifika tatu nukta mbili kisanduku kinajizima chenyewe, na hapo ni lazima kuichaji kwa chaja yake, si nyingine. Ikishushwa chini ya mbili na nusu imeharibika, na anayejaribu kuifufua anajitafutia moto.

Tharcisse alisema, ndiyo.

Hakupita muda akaja kwangu na kisanduku mkononi, uso umemkunjamana kama aliyeibiwa kwenye mizani.

"Muone, Mwalimu. Inaandika trois virgule deux, kisha inalala. Inaniibia."

"Inakuibia nini?"

"Ile trois virgule deux yote inabakia mule ndani. Mi niliuza batri nzima, hapana kipande." Trois virgule deux ni ile tatu nukta mbili ya Gaël. Watu wetu pia husema wameuza wanapokuwa wamenunua; katika kazi ya dhahabu tofauti hiyo haionekani sana.

Nilimweleza kwa subira. Nilimwambia kwamba hata katika misheni yetu ya zamani, padri aliyetunza betri za redio hakuturuhusu kuzimaliza, akisema betri iliyomalizwa ni betri iliyouawa. Nilimwambia kwamba volti si maji katika mtungi, ambayo ukifika kwenye udongo wa chini umeyafaidi yote. Mbuzi unamkamua mpaka mahali fulani akupe maziwa. Ukipita mahali hapo atakupa damu, na kesho hatakupa chochote. Nilikuwa nimeridhika na mfano huo. Tharcisse aliusikiliza mpaka mwisho kwa adabu kamili, kisha akanifundisha elimu yake.

"Mwalimu, weye haukukomaa Kilo. Wazungu walisafisha ule muchanga, wakasema umeisha, wakaenda. Baba yetu wakausafisha tena, wakapata. Wakasema umeisha. Siye tukausafisha, tukapata. Sasa batoto yetu iko mule mule na karai. Muchanga haiishe. Mutu njo anachoka." Njo ni ndiye au ndiyo, kwa Kiswahili chetu.

"Na betri ni mchanga?"

"Kila kitu ni muchanga."

Mtu aliyejengewa nyumba ya matofali na kosa lake hawezi kuonyeshwa kwa urahisi kwamba ni kosa. Nilimwonya tu asichezee kitu hicho. Akasema, ndiyo, Mwalimu.

Alikwenda moja kwa moja kutafuta bomba la kuvutia mvuke. Yako mabomba ya namna hiyo sokoni, ya chuma tupu, yasiyo na kioo wala akili: unaitumbukiza betri, unabonyeza, nalo linainyonya bila kuuliza limefika wapi, kama serikali na mkulima. Ndani ya bomba hilo Tharcisse aliisafisha betri yake mara ya pili. Alivuta mpaka mvuke ukawa mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya Julai. Akaipumzisha, akavuta tena. Alinitumia habari kwa simu kwamba nilikosea, kwamba chini ya tatu nukta mbili amepata faida kubwa, na kwamba wazungu wangali wanaacha mali nyuma yao.

Kisha akairudisha betri katika chaja, na chaja ikaikataa. Taa nyekundu ilikuwa ikipepesa tu, kama jicho la karani anayesubiri uondoke dirishani pake.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mwanamke anayemtaka ni mtaalamu wa mambo hayo. Kwa kuwa haikuwa vizuri aende kwa Annette peke yake kabla ya kujitambulisha rasmi, ilinibidi kumsindikiza mpaka Ngezi, mzee wa umri wangu, niwe shahidi wa heshima kati ya mwanaume na betri.

Annette alikuwa mbele ya kibanda chake, simu za watu zimepangwa nyuma yake kila moja na namba yake. Ni mwanamke mrefu, asiyeharakisha neno. Alinisalimu kwanza mimi, akaniletea kiti, akaulizia miguu yangu. Kisha akaipokea betri, akaigusa kwa nyaya mbili za kipimo chake, moja kila upande.

"Un virgule huit," alisema, yaani moja nukta nane. "Baba Tharcisse, hii ulifanya nini nayo?"

"Nilivuta tu."

"Kisanduku haiwezi kukuachia ufike hapa."

Tharcisse alitazama barabara. Pikipiki moja ilikuwa inapita, akaitazama kwa makini mpaka ikapotea.

"Kuko bomba," nilisema mimi.

"Ah. Bomba." Annette aliiweka betri juu ya meza, mbali kidogo na simu za watu. "Basi hii ilikufa."

"Lakini ukiisukumia umeme na nguvu, haiwezi kuamka?" aliuliza Tharcisse.

"Itaamka. Njo mubaya yake. Ingekataa, hakuna mutu angeungua." Alivuta kiti, akaketi, akatuonyesha kwa vidole vyake viwili. "Ndani kuko pande mbili zenye haziwezi kugusana, na katikati kuko kitambaa nyembamba. Kuko na shaba. Ukiishusha chini sana, ile shaba inayeyuka sawa chumvi mu maji. Ukiirudishia umeme, inaota tena, lakini inaota fasi haifae, sawa miiba. Mwiba ikitoboa kile kitambaa, pande mbili zinakutana, na mule ndani hakuna mutu wa kuwaachanisha. Pengine siku ile ile. Pengine kisha. Haiulize kama uko na bageni."

Nilikuwa nimefundisha miaka mingi na sijapata kueleza jambo kwa ufupi hivyo. Tharcisse alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, kwa sura ya mtu anayesikiliza mahubiri na kufikiri juu ya chakula cha mchana.

"Iache hapa," alisema Annette. "Niko na ndoo ya batri zenye zilikufa. Ama uitupe weye mwenyewe muzuri. Lakini usiisharje. Unanisikia, baba?"

"Ndiyo, mama," alisema Tharcisse. "Nitaitupa mimi mwenyewe." Akaitia mfukoni.

Naomba msomaji amtendee haki. Hakusema uongo kwa kukusudia. Alipokuwa akisema ndiyo, aliamini kwamba ataitupa. Ni baadaye, alipobaki nayo peke yake, ndipo alipoiona kama punje ya dhahabu iliyosahauliwa katika karai. Kuitupa ingekuwa ni kukiri kwamba kiko kitu duniani ambacho kimekwisha, na mtu wa Kilo hawezi kukiri jambo hilo bila kuwasaliti wazazi wake. Basi aliichukua, akaifungia nyaya mbili, akaiunganisha na betri ya pikipiki yake. Betri ya pikipiki ina volti kumi na mbili. Ni kama kumfufua mgonjwa kwa kumwaga pipa zima la maji kooni mwake; lakini kweli, mgonjwa alifumbua macho.

Haya nayajua kwa sababu asubuhi ya siku ya kujitambulisha alinipitia na kunisimulia, amevaa koti jeusi la suti, amenyolewa vizuri, ana harufu ya sabuni, na kwa kweli alipendeza. Tumbaku hakuwa ameigusa tangu aliposema ataiacha. Hilo peke yake alilitimiza, na nitalishuhudia popote. Aliitoa betri mfukoni kwa vidole viwili kama anayeonyesha pete.

"Quatre virgule un, Mwalimu. Ile maiti yake. Leo kisha hotuba, nitamuonyesha. Atacheka."

Yaani nne nukta moja, karibu ijae. Niliigusa. Ilikuwa na joto dogo, kama yai lililotoka chini ya kuku. Nilimwambia aiache pale, nje, juu ya jiwe, na asiingie nayo nyumbani mwa watu. Nilimwambia kwa sauti niliyokuwa nikitumia darasani.

Akasema, ndiyo, Mwalimu. Kisha nikaingia ndani kuchukua fimbo yangu.

Sebule ya mzee Katsuva ilikuwa imepangwa kama inavyopaswa: viti vimevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, wazee wao upande wa dirisha, sisi upande wa mlango. Upande wetu tulikuwa mimi, Tharcisse, na dada yake mkubwa Lucienne, ambaye yeye humwita Yaya, aliyekuja na mkoba uliojaa kila dawa isipokuwa ile inayohitajika. Annette alikuwa chumba cha ndani, kwa kuwa mwanamke anayeombwa hatoki mpaka aitwe. Na mwanaume anayeomba, mukwilima kama tunavyomwita, kwa desturi haongei wala hasimami mpaka msemaji wake amalize. Anaketi, mikono juu ya magoti, macho chini, kama mzigo ulioletwa kuangaliwa.

Desturi hii ni nzuri. Nimeitetea mara nyingi mbele ya vijana.

Nilianza hotuba. Nilieleza tulikotoka, nikawashukuru kwa kutupokea, nikataja ua lililoonekana katika bustani yao. Kisha nikaingia katika sifa za mwana wetu, na kati ya sifa zote nilichagua kiasi. Niliona inafaa. Nilisema kwamba mwana wetu ni mtu anayejua mahali pa kusimama. Niliwaeleza kwamba waliambiwa ana tabia ya moshi, lakini leo wanamwona ameketi mbele yao, na moshi hakuna.

Tharcisse alijipinda kidogo kwenye kiti. Nilidhani ni unyenyekevu, nikaendelea. Alijipinda tena, akaegemea upande wa kushoto, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Lucienne alimwangalia, akanong'ona:

"Keti muzuri. Wanakuangalia."

"Yaya, iko inaniunguza."

"Ni haya. Vumilia. Mwalimu anakaribia kumaliza."

Sikuwa nikikaribia kumaliza. Nilikuwa katika sehemu ya pili. Na huyu mtu, ambaye hakupata kutii onyo la Gaël, wala langu, wala la Annette mwenyewe, alichagua saa hiyo kuitii desturi kwa uaminifu wa mtawa. Hakusimama. Alikaa na moto mfukoni, macho chini, mikono juu ya magoti.

Mzee Katsuva ndiye aliyeinua mkono, polepole, kwa heshima.

"Musemaji, samahani. Simamisha kidogo. Mukwilima wenu iko anatoka moshi."

Niligeuka. Mfuko wa koti ulikuwa ukitoa sauti kama sufuria inayotaka kufurika, na moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya dawa iliyoungua, ulikuwa ukimzunguka Tharcisse mpaka kidevuni. Kisha ukatoka ulimi wa moto. Hapo desturi ilimshinda, akasimama.

Mlango wa chumba cha ndani ulifunguka, na Annette akatoka bila kuitwa na mtu. Alimshika kola kwa nyuma, akamvua lile koti kwa mvuto mmoja kama anayechuna sungura, akalirusha nje uani. Kuku walitawanyika. Betri ilipasuka kwa mshindo, koti likawaka katikati ya ua, na jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama dot, yaani mahari, imekubaliwa.

"Kila mutu arudi nyuma," alisema Annette. "Mutu asivute ile moshi."

Nilifikiri juu ya hotuba yangu, na nikaketi.

Tharcisse alikuwa ameungua ubavuni, juu ya nyonga, mahali panapoenea kiganja. Annette alimketisha kwenye ngazi, akawa anammwagia maji baridi kwa kikombe, taratibu, bila kuacha, muda mrefu kuliko subira ya Lucienne. Mikono yake haikuwa na hasira. Alipoanza kuuliza, sauti yake pia haikuwa nayo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ni ile ile?"

"Njo ile."

"Mi nilikuambia nini?"

"Ulisema niitupe."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo."

Alinigeukia. "Mwalimu, leo asubui uliiona?"

"Niliiona. Nikamwambia aiache nje."

"Akasema?"

Sikupenda kujibu. Lakini nilizoezwa tangu utoto kujibu ninapoulizwa. "Alisema ndiyo."

Annette alimwaga kikombe kingine. "Marehemu alikuwa sawa huyu. Daktari anamuambia, acha. Ndiyo, dokta. Mapadri wanamuambia. Ndiyo, padri. Mimi niko nashika beseni, namuambia. Ndiyo, mama. Hakukuwa mutu mwenye adabu kumupita. Nilimuzika na zile ndiyo zake zote." Alikiweka kikombe chini. "Tumbaku mi ningeivumilia, kumbe. Inanuka, unajua fasi iko. Lakini mutu mwenye anakubali kila kitu mbele yako, utamulinda namna gani? Apana, baba. Jibu yangu ni apana."

Mzee Katsuva alikohoa, akasema kwamba chakula kimekwisha kupikwa na kwamba wageni hawarudishwi na njaa, hata wageni wanaowaka. Ulikuwa ukarimu mkubwa. Tharcisse alikuwa ameinama, fulana imelowa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfundishe nilimwona anaonekana kama mtu aliyefika mwisho wa jambo na kulitambua.

Lucienne, aliyekuwa akipekua mkoba wake, alipata alichotafuta.

"Hii hapa. Tumupake dentifrice, itatuliza."

"Usipake," alisema Annette. "Hapana dentifrice, hapana mafuta, hapana asali. Kitambaa safi tu. Unasikia, baba Tharcisse?"

Niliiona ile ndiyo ikimjia mdomoni, tayari kabisa, imevaa kofia. Alifungua kinywa. Akakifunga. Akamwangalia Annette, kisha akamwangalia dada yake na ile dawa ya meno mkononi.

"Juu ya nini?" alisema, kama sisi tunavyouliza kwa nini.

"Juu ya nini nini?"

"Dentifrice. Kwetu tunapakaga, tangu zamani. Juu ya nini haifae?"

Nilidhani Annette atakasirika, maana swali lilikuwa kama la kubishana. Badala yake alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akamweleza: ngozi iliyoungua inashika joto ndani, ukiifunika na kitu kizito joto halitoki, tena uchafu unakwama, na kesho muuguzi atalazimika kuikwangua ndipo aone kidonda. Tharcisse alisikiliza. Hakutikisa kichwa hata mara moja.

"Na malenge haiwezi kutoka yenyewe chini ya kitambaa?" aliuliza. Malenge ni yale mavimbe ya maji.

"Itatoka. Usiipasue."

"Nikiipasua?"

"Unafungua mulango kwa microbe."

"Basi sitaipasua," alisema, polepole, kama anayesoma kwa kidole.

Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni na masahani, hawajui kama waandae au wasubiri. Mzee Katsuva aliwaashiria waingie nayo. Kisha akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama upande wetu tulikuwa na maneno mengine ya kusema. Nilimwambia hapana; tuliyokuwa nayo yote niliyasema, na yaliyobaki yalikuwa yanaulizwa pale kwenye ngazi.

Jibu la Annette halikubadilika siku hiyo, na mtu asidanganyike. Alimfunga kitambaa, akamwambia arudi keshokutwa abadilishiwe pale kibandani, mchana, mbele ya wateja, na kwamba safari hiyo si lazima aje na msemaji.